Nani Hula Mwisho

Wenzangu mnaobaki katika kile chumba cha mwisho, karibu na choo, siku ya chai ya kuniaga mliniomba niwaandikie jinsi ninavyompangia mtu kalori za kupunguza mwili. Mlisema vitabu vinatoa hesabu lakini mimi nina namna yangu. Namna hiyo si yangu, niliirithi. Sasa nimestaafu na asubuhi zangu zimekuwa ndefu, kwa hiyo nitaandika yote, hata yasiyo ya furaha, na hayo ndiyo mengi. Majina ya wagonjwa nimeyabadilisha.

Nilianzia Kibera, katika zahanati ndogo upande wa Ayany, nikiwa na cheti kipya na koti jeupe lililonipwaya. Siku ya kwanza nilifika na bango nililolichora chuoni kwa rangi nyingi: samaki wa baharini, brokoli, bakuli la uji wa oti. Mkuu wa lishe alikuwa Madam Wanza, Mkamba wa Machakos asiyecheka ovyo. Aliliangalia bango langu, akagusa brokoli kwa kidole, akaniuliza ni mti gani huo. Jioni ile bango lilizibia dirisha lililovunjika kioo, na huko lilifanya kazi nzuri kuliko ambayo lingeifanya ukutani.

Yeye alikuwa na kiondo, kikapu cha kusuka. Ndani yake kulikuwa na sahani za plastiki za kila ukubwa, kisosi, kikombe cha bati, mwiko, kijiko, na kifuniko cha sufuria kilichopindapinda. Kubwa kuliko zote ilikuwa sahani ya kijani, ya aina ile inayouzwa kila duka la vyombo na iliyo katika kila nyumba. Madam Wanza hakuwahi kumwuliza mtu anakula gramu ngapi. Alimsukumia kiondo na kumwambia, "Nionyeshe sahani yako." Kisha alimwambia akunje ngumi, amwonyeshe ugali wake ni ngumi ngapi. Tukishapata sahani na ngumi, sisi ndio tuliogeuza kuwa kalori, kwa sababu sisi ndio tuliolipiwa karo ya kujua hayo.

Hesabu yenyewe si uchawi. Unakadiria kwanza mwili wa mtu unatumia kiasi gani kwa siku, kwa uzito wake, urefu, umri na kazi anayofanya. Hapo kwenye kazi msipapite mbio. Mama anayefua nguo kwa mikono kutwa nzima hatumii sawa na karani, hata kama mizani inawapa uzito mmoja. Ukishapata hiyo namba unaondoa kama mia tano, na mtu atapungua karibu nusu kilo kwa wiki. Mwanzoni atashuka zaidi, hayo ni maji, msishangilie. Mwanamke msimshushe chini ya elfu moja na mia mbili, mwanamume chini ya elfu moja na mia tano, isipokuwa kuna daktari anayemfuatilia kwa karibu. Mjamzito hapunguzwi. Na mtu anayemeza vidonge vya sukari, zungumzeni na klinikal ofisa anayemwandikia dawa kabla hamjagusa sahani yake, maana chakula kikishuka na kidonge kibaki palepale, sukari itaanguka naye ataanguka nayo.

Wapo watakaotaka haraka. Binti mmoja alitujia na kalori mia nane alizozitoa kwenye simu, akitaka kuingia kwenye gauni la arusi mwezi uleule. Madam Wanza alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia fundi wa nguo ni bei rahisi kuliko seremala wa majeneza, apeleke gauni likapanuliwe. Arusi ilikuwa nzuri. Tuliletewa keki, ambayo Madam Wanza aliila yote bila kuihesabu.

Mambo mawili alinifunza ambayo sikuyaona kwenye kitabu chochote. La kwanza: mtu akipungua kwa mwendo uliompangia, msifu. Akipungua haraka kuliko hapo, funga mdomo, umwulize. La pili lilikuwa swali alilomwuliza kila mwanamke, baada ya sahani na ngumi: "Nani hula mwisho nyumbani kwako?" Miaka mingi nililiona swali hilo kama umbea wa kizee. Nililiuliza kwa sababu yeye aliliuliza. Alistaafu, akarudi kwao Machakos, akaniachia kiondo, nami nikahamishiwa Kawangware nikiwa bado sijamwuliza linafaa nini.

Mama Linet alikuja kwangu Kawangware. Alikuwa Mluhya wa Kakamega, anaishi mtaa wa Kongo, palepale Kawangware, na mumewe fundi wa mjengo na mabinti wawili, Linet aliyekuwa sekondari na Sheila wa shule ya msingi. Kazi yake ilikuwa kufua nguo kwenye maghorofa ya Riruta. Alikuwa na mwili, magoti yalimlia kwenye ngazi, na sukari na presha zilikuwa zimempanda akawekwa kwenye vidonge. Kupanda mizani kwake kulikuwa sherehe. Alivua malapa, akavua kitambaa, akavua heleni, na nadhani angeweza angevua hata jina.

Nilipomweleza nusu kilo kwa wiki alifurahi. Aliogopa ningemnyima kila kitu siku moja. "Daktari, mimi na huu mwili tumetoka mbali," akaniambia. "Usituachanishe ghafla." Nimekuwa nikiitwa daktari maisha yangu yote ya kazi na nilishachoka kukanusha.

Klinikal ofisa alimpunguzia kidonge cha sukari, nami nikampa elfu moja na mia saba, kwa sababu ya ile kazi. Alichagua sahani ya kijani kutoka kwenye kiondo bila kusita. Tukapanga sukuma wiki ijaze nusu ya sahani, ugali ngumi moja na nusu badala ya tatu, maharagwe au omena pembeni, mafuta kijiko, chai bila sukari, mandazi Jumapili tu baada ya kanisa. Nilimwuliza nani hula mwisho. Akasema kwao wote hula pamoja, baba akifika tu, na wakati huo ilikuwa kweli.

Alipungua vizuri, kwa mwendo uleule niliompangia. Alikuja kliniki kuwachekesha wenzake kwenye foleni, akiwaambia anauza kilo zake, anayetaka apange laini. Kama kuna kipindi niliipenda kazi yangu ni hicho.

Kisha ukaja mwaka wa barakoa. Wenye nyumba za Riruta waliogopa kuingiza mtu ndani, na akina mama wa kufua wakarudishwa getini. Mumewe alikuwa amekwenda Kakamega mazishini wakati barabara za kuingia Nairobi zilipofungwa, akakwama huko, na hata zilipofunguliwa mijengo ilikuwa imesimama. Maji yalizidi unga nyumba nyingi. Sisi kliniki tulibaki tukipima watu kwa mbali, tukipiga kelele ndani ya barakoa.

Mama Linet alipopanda mizani siku moja, muuguzi aliyekuwa nami alimpigia makofi. Alikuwa ameshuka sana. Nilikumbuka la Madam Wanza, nikafunga mdomo, nikamsukumia kiondo. Akachukua sahani ya kijani, akanionyesha nusu ya mboga, ngumi moja na nusu, kijiko cha mafuta, yote kama tulivyopanga, akiyataja kama mtoto anayekariri aya ya Biblia mbele ya kanisa. Nikamwuliza nani hula mwisho. Akacheka, akaniambia nimezeeka, kwani si nilishamwuliza hilo. Nikamwambia nitamtembelea.

Nilikwenda Kongo siku iliyofuata, mapema jioni kwa sababu ya kafyu ya usiku. Alikuwa ameshasonga ugali. Mnajua desturi ya Waluhya: mgeni hatoki bila kula, na akikataa ameitukana nyumba. Sahani ya kijani ilikuwapo kweli, moja tu, nikapewa mimi. Mabinti walikula kwenye mbili ndogo za bati. Ugali wenyewe ungetosha watu wawili wasio na njaa, na sukuma ilikuwa supu zaidi ya majani. Mama Linet aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, na kikombe cha chai ya rangi.

Nikamwuliza chake kiko wapi. Sheila ndiye aliyenijibu. "Mama hakulangi jioni. Anafanya dayati. Si ni wewe ulimwambia?"

"Si ndiyo, daktari?" akasema Mama Linet, akiangalia kikombe chake.

Macho ya wasichana yalikuwa kwangu. Sikuwa nimemkataza mtu chakula cha jioni hata siku moja. Nikasema dayati imebadilika, ndiyo maana nimekuja, na kuanzia leo mama anakula jioni, tena mbele yao. Nikachukua kifuniko cha sufuria, nikamega nusu ya ugali wangu nikauweka hapo, nikamsogezea. Nilijiona mwerevu.

Linet akaacha kutafuna. Aliangalia sufuria iliyokwisha kukwanguliwa, akaangalia kifuniko, kisha akakirudisha kipande chake katikati ya meza, akasema ameshiba. Sheila, aliyeiga kila alichofanya dadake, naye akasema ameshiba. Tukaketi watu wanne tukiuangalia ugali unapoa, na hakuna aliyeugusa tena.

Mama Linet alinisindikiza mpaka kwenye njia kubwa. Hakuwa na hasira. Ningefurahi zaidi kama angekuwa nayo.

"Umeona sasa?" akaniambia. "Nikisema ni daktari amenikataza, wanakula wanashiba. Nikisema chakula ni kidogo, hakuna mtu atakula kwa hiyo nyumba. Niachie hiyo dayati, daktari. Usiwaambie."

Nilimweleza kuhusu kidonge na tumbo tupu. Nilimwambia elfu moja na mia saba ilikuwa ya kula, haikuwa ya kukaa bila kula. Akajipiga kiunoni kwa kiganja, akasema yeye ana akiba, wasichana hawana. Nikakubali kunyamaza, kwa sharti kwamba kesho yake aje kliniki kwa ajili ya kidonge, na kila akiweza aje mchana ale na mimi.

Alikuja. Klinikal ofisa alikisimamisha kile kidonge kabisa, akamwachia cha presha. Mimi nilijaribu kumwombea unga wa lishe, ule tunaowapa watoto waliokonda, wajawazito na wagonjwa wa kifua kikuu. Nilimzungushia mkononi utepe wa kupimia utapiamlo mbele ya msimamizi. Utepe ukasema mama huyu ana afya njema. Mizani ikasema bado ni mnene. Vipimo vyetu havikudanganya, vilipima kile vilichotengenezewa kupima, na hakuna kimoja kilichotengenezewa mtu mnene anayelala njaa. Alicheka kuliko mimi. Aliniambia huo mwili ulimtesa akiwa anaubeba, na sasa unamtesa akiuacha.

Nilimpelekea unga kutoka nyumbani kwangu mara kadhaa, kama majirani wengi walivyofanyiana mwaka ule. Mchana tulikula pamoja chumbani, mlango ukiwa wazi. Alikula nusu, nusu akaifunga kwenye karatasi. Sikumzuia. Ningemnyang'anya nimpelekee nani?

Alikufa Riruta, akiwa kazini. Nyumba moja ilikuwa imekubali kumrudisha. Asubuhi ile alimwambia Linet kichwa kinamzunguka na mikono inatetemeka, bila shaka sukari imepanda. Kilikuwa kimebaki kidonge kimoja kwenye kopo, kile tulichokisimamisha, na watu wetu hawatupi dawa. Akakimeza, akatoka bila kunywa kitu, kwa miguu. Sukari yake haikuwa imepanda. Walimkuta ameinamia karai, mikono bado imo kwenye povu. Wakamwagia maji, wakampepea, na hakuna aliyejua kwamba kikombe cha chai tamu ndicho kilichotakiwa. Alipofikishwa hospitali ilikuwa basi.

Jifunzeni hapo, tafadhali. Mkisimamisha kidonge, mwambieni mgonjwa alete kopo, mlichukue. Na mwambieni yeye na walio naye kwamba kutetemeka na jasho ni sukari kushuka, anyweshwe kitu kitamu angali anaweza kumeza, kisha akimbizwe hospitali. Mama Linet tulimwambia. Lakini aliyeshinda njaa muda mrefu huizoea mitetemo mpaka haimwambii kitu.

Maombi yalifanyika Kongo kabla mwili haujasafirishwa. Watu walikaa mbalimbali, na maneno yalikuwa yamenitangulia kufika. Shangazi yake, mama mrefu aliyefunga kanga kiunoni, alinijia mbele ya watu wote, mabinti wakiwa wameketi nyuma yake kwenye mkeka.

"Ni wewe ulimnyima mtoto wetu chakula?"

Niliangalia mkeka. Sheila alikuwa amelala kwenye mapaja ya dadake, macho wazi. Maneno ya kujitetea nilikuwa nayo yote mdomoni, na yalikuwa ya kweli.

"Ni mimi nilimpangia dayati," nikasema.

Shangazi akatema mate pembeni. Mchungaji akaanzisha wimbo. Niliondoka kabla ya chai, nikapita njia za nyuma nikilia kama mtoto, na watu waliniachia njia kwa sababu mwaka ule kila mtu alikuwa na wake wa kumlilia. Sijamsahau hata siku moja. Niliendelea kuwapangia watu kalori kwa sababu ndiyo kazi niliyoijua, lakini namba elfu moja na mia saba sikuiandika tena. Niliandika elfu moja mia sita na tisini, au elfu moja mia saba na kumi. Mmekuwa mkinicheka kwa hilo, na sasa mmejua sababu.

Mwezi wa mwisho kabla sijastaafu, aliingia msichana amebeba mtoto mgongoni kwa leso. Nilimjua alipovua heleni kabla ya kupanda mizani. Linet anaishi Kawangware bado, anasuka nywele, na mumewe ni fundi wa viatu. Alisema mwili umemzidi tangu ajifungue, magoti yameanza kulia kama ya mamake, naye anataka kupunguza polepole, kwa njia salama. Kisha akaniambia anataka ile dayati ya mama.

Nilimwambia kila mtu ana yake. Nilisema maneno mengi ya kitaalamu, kuhusu umri na kunyonyesha, huku nikipangapanga vitu mezani. Akaniacha nimalize.

"Daktari, mimi nilijua," akasema. "Tangu ile jioni ulikuja. Baadaye nilikuwa nakula sababu nikikataa tena angejua nimejua, na hiyo ingemmaliza haraka. Ukasimama kwa matanga ukabeba hiyo maneno yote. Nilitaka kusema kitu, nikashindwa."

Nikamwuliza kuhusu mdogo wake.

"Sheila hajui. Huwa anaambia watu ati mathe alikuwa na nidhamu, akiamua kitu ameamua. Hata yeye akisoma anajiambia hivyo. Usimwambie."

Nikasema sitamwambia. Ni mara ya pili kuombwa hivyo na nyumba ileile, na mara hii sikuweka masharti. Nikapiga hesabu yake. Kwa kuwa ananyonyesha nilimpangia elfu mbili, na mwendo wa taratibu hata kuliko kawaida, kisha nikasita, maana lilikuwa limebaki swali. Nikamwuliza hivyo hivyo, nani hula mwisho nyumbani kwake.

Alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwangu, akapiga magoti mbele ya kiondo. Akaondoa kisosi, akaondoa kifuniko cha sufuria na kukiweka chini mbali naye, akaitoa sahani ya kijani, akaipangusa vumbi kwa leso na kuiweka mezani mbele yangu.

"Yangu ni hii," akasema. "Na huwa napakua yangu kwanza."